Jinsi ya kuunganisha kundi la walaji na shamba moja, na lisivunjike msimu wa kwanza

Tuanze kwa kutenganisha vitu viwili maana hapa ndo watu wengi wanachanganya. Kuna ile huduma ya kuweka oda ya mboga kwenye simu, mtu anakuletea kapu, unalipa, wiki ijayo ukiamua hutaki basi hutaki. Hiyo ni biashara ya kawaida na haina ubaya, ila siyo hii. Hapa naongelea ubia, yaani walaji wanatoa hela kabla msimu haujaanza, mkulima analima akijua kabisa mazao yana wenyewe, alafu kinachotoka shambani kinagawanywa, kikija kingi mnapata kingi, kikija kidogo mnapata kidogo. Hicho kipande cha mwisho ndo ubia wenyewe, vingine vyote ni utaratibu tu. Kama kundi lenu halijakikubali, bora mwendelee na oda za simu, angalau mtabaki mnasalimiana.

Na siyo wazo la jana. Wajapani walikuwa nalo tangu miaka ya 1970, wanaliita teikei, na mwaka 1978 chama chao cha kilimo hai kikaliandikia kanuni kumi. Marekani kulikuwa na Booker T. Whatley, profesa wa chuo cha Tuskegee kule Alabama, aliyekuwa akiwahimiza wakulima wadogo waanzishe klabu za wateja wanaolipa ada mapema, alafu mwaka 1986 mashamba mawili, Indian Line la Massachusetts na Temple-Wilton la New Hampshire, yakaanza kwa mtindo ambao leo wengi duniani wanauita CSA, kifupi cha Kiingereza cha kilimo kinachobebwa na jamii. Ufaransa wakaja 2001 na vikundi vyao vya AMAP, navyo ni vya walaji na mkulima wao. Nawataja kwa sababu baadhi yao wameshatatua matatizo mtakayokutana nayo, na tutaazima majibu yao huko mbele.

Hatua ya 1: Tafuta watu, lakini usitafute wengi

Hisa 20 hadi 30, yaani mafungu ya mavuno yanayolipiwa, zinatosha kabisa msimu wa kwanza. Kuna mtu atakuja na moto wake, "mbona tunaweza kupata watu mia na hamsini", mwambie sawa, msimu wa tatu. Hata zile kanuni za Wajapani zina moja inayosema kundi libaki na ukubwa unaofaa, na nyingine inasema maendeleo yaende taratibu. Kundi likiwa kubwa sana mapema hamjuani, na msipojuana zao la kwanza likifeli kila mtu anadai hela yake.

Kati ya hao watu chagua watatu au wanne wa kubeba mambo: mmoja wa hela, mmoja wa kuongea na mkulima, mmoja wa siku ya kugawa. Msimrundikie mkulima kazi ya kukusanya michango na kujibu meseji za watu thelathini usiku, yeye ana shamba. Hii nasisitiza kwa sababu makundi mengi yanamfanya mkulima awe mkulima, karani, dereva na huduma kwa wateja, alafu wanashangaa mwakani kasema basi.

Hatua ya 2: Mkulima wa kushirikiana naye

Siyo kila mkulima mzuri anafaa kwa ubia. Aliyebobea kwenye zao moja, analima ekari kadhaa za kitu kimoja na anauza kwa jumla, huyo anajua kazi yake lakini ninyi mnahitaji mtu wa kulima aina ishirini au thelathini kwa wakati mmoja, kila moja na ratiba yake, na hiyo ni akili nyingine kabisa. Tafuta ambaye ameshalima mchanganyiko angalau misimu miwili na ana mahali anaandika. Daftari lolote, hata kama kurasa zina matope. Asiyeandika amepanda lini na kavuna kiasi gani hawezi kuwapangia kapu la wiki ya kumi na tano.

Nendeni shambani, msimalizane kwa simu. Ulizeni maji yanatoka wapi na mvua ikichelewa wiki tatu inakuwaje. Ulizeni ardhi ni yake au amekodi, na kama amekodi mkataba unaisha lini, maana mnaweza kuweka hela ya msimu mzima kwenye shamba ambalo mwenyewe analitaka mwezi wa nne. Ulizeni nani anamsaidia, na akiumwa nani anashika. Kuhusu dawa na mbolea, kama nyie mnataka kilimo hai semeni sasa hivi, siyo baada ya kupanda, na kama hana cheti cha kilimo hai siyo mwisho wa dunia, kundi linaloingia shambani muda wowote na kuona stoo ina nini limeshafanya nusu ya kazi ya mkaguzi.

Umbali nao. Whatley alikuwa anawaambia wakulima wake shamba liwe ndani ya maili 40 kutoka mjini, yaani kama kilomita 64, na liwe kwenye barabara ya lami. Alikuwa anafikiria wateja wanaokwenda kuvuna wenyewe, ila kipimo hicho bado kinafaa: kama ni mbali kiasi kwamba wanachama hawatafika hata mara moja kwa msimu, mmepata muuzaji, hamjapata mbia.

Hatua ya 3: Hesabu, na hapa msiharakishe

Kosa linalojirudia ni kuanza na swali "kapu liwe bei gani?" Mnaangalia sokoni, mnapunguza kidogo, mnampa mkulima. Ubia unaenda kinyume chake. Unaanza na shamba linahitaji nini ili liendeshwe msimu mzima, ndo unagawa kwa hisa.

Kaeni na mkulima mwandike kila kitu. Mbegu na miche, mbolea au samadi, maji na mafuta ya pampu, kodi ya ardhi, vibarua, matengenezo ya vifaa, kreti na magunia, usafiri mpaka mnapogawia, bima kama ipo, pesa ya dharura kama asilimia 5 hadi 10 ya jumla. Alafu mshahara wa mkulima mwenyewe. Huu mstari ndo unaorukwaga, na anayeuruka mara nyingi ni mkulima, atakwambia "mimi nitajilipa kitakachobaki." Mkatalieni. Kitakachobaki huwa ni sifuri, na mkulima asiyelipwa ataanza kuuza mazao mazuri pembeni ili aishi, na huwezi kumlaumu. Mwulizeni masaa anayofanya kwa wiki, zidisheni kwa kiwango ambacho nyie wenyewe msingeona aibu kulipwa.

Mfano, bila kutaja pesa ya nchi yoyote. Gharama zote za msimu zimefika 60,000, hisa ziko 50 kwa sababu shamba hili limeshakua kidogo, msimu wa kugawa ni wiki 24. Kila hisa ni 1,200, yaani 50 kwa wiki. Sasa angalieni kapu la 50 kwa wiki linaweza kuwa na nini kweli. Likionekana la ajabu, ama gharama zimezidi, ama hisa ni chache, ama nyie mmezoea bei ya mboga ambayo kuna mtu mahali fulani aliibeba hasara yake. Jadilini hayo waziwazi mkulima akiwepo.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza wote walipe sawa, 1,200, na anayeishi peke yake achukue nusu hisa. Rahisi, na kwa msimu wa kwanza inatosha. Ya pili ni ile inayofanana na ya Temple-Wilton, ambako bajeti inasomwa mbele ya wanachama na kila mmoja anaahidi anachoweza, na Wajerumani wengi nao wanaifanya kwa karatasi za siri. Inakwenda hivi: mkulima anasoma bajeti mstari kwa mstari, watu wanauliza, anajibu. Anasema wastani wa hisa ni 1,200. Kila mtu anapewa kikaratasi, anaandika kiasi anachoweza kutoa, anakunja, anatia kwenye boksi. Aliyepoteza kazi anaandika 900, mwingine mambo yake yako vizuri anaandika 1,600, hakuna anayeona cha mwenzake. Watu wawili wanajumlisha pembeni huku wengine wanakunywa chai. Inatoka 57,400. Imepungua 2,600, ambayo ukigawa kwa 50 ni 52 kila mmoja. Karatasi zinazunguka tena, na sasa watu wanajua pengo ni kiasi gani kwa hiyo wanaongeza, na mara nyingi raundi ya pili inatosha. Isipotosha, mkulima anasema pale pale ni zao gani litatoka kwenye mpango. Kapu ni lilelile kwa wote, aliyetoa 900 na aliyetoa 1,600. Mimi napenda sana hii njia, lakini inahitaji watu wanaoaminiana, msiilazimishe mkiwa bado hamjuani majina.

Malipo: sehemu kubwa ije kabla ya kapu la kwanza, na kianzio kabla ya mbegu kununuliwa, maana hapo ndo mkulima anamwaga hela na haingizi kitu. Theluthi moja kama kianzio wakati wa kusaini, theluthi kabla ya kapu la kwanza, iliyobaki katikati ya msimu, ni mgawanyo unaobebeka. Akaunti iwe na watu wawili wa kuidhinisha, na risiti zipigwe picha ziwekwe mahali wote wanaziona.

Hatua ya 4: Panga mazao kwa kurudi nyuma

Hii ni kazi ya mkulima ila walaji wanatakiwa kuielewa kidogo ili wasipige kelele bila sababu. Unaanza na kapu alafu unarudi nyuma mpaka siku ya kupanda. Tuseme kila hisa ipate kilo 1 ya karoti kila wiki mbili. Wiki 24 ni mara 12, hisa 50, hiyo ni kilo 600. Karoti inataka kama siku 70 hadi 80 tangu mbegu iingie ardhini, kwa hiyo ya kwanza ipandwe zaidi ya miezi miwili kabla ya kapu lake, na ipandwe kwa awamu, siyo zote siku moja, la sivyo mtapata kilo mia tatu wiki moja na baada ya hapo hadithi. Saladi ndo kabisa, inaharibika haraka kwa hiyo inapandwa kidogo kidogo kila wiki mbili hivi. Na mkulima apande ziada, robo hivi juu ya hesabu, kwa ajili ya wadudu, ndege na jua.

Sasa angalia hizi siku. Figili iko tayari kwa siku 25 hadi 30. Nyanya siku 60 hadi 80, na hizo zinahesabiwa tangu mche uhamishiwe shambani, bado wiki kadhaa za kitalu. Boga siku 90 hadi 120. Maana yake makapu ya mwanzo yatakuwa majani matupu na figili, na mtu aliyelipa theluthi mbili ya hela yake akifungua kapu akakuta majani atajisikia kaibiwa. Mwambieni mapema. Chorea watu chati ya msimu, wiki hii hadi ile majani, kuanzia hapa mizizi, huku nyanya na matunda, huku mwisho maboga na vitunguu vya kukausha. Chati moja ya hivyo inaondoa nusu ya malalamiko.

Waulizeni pia wanachama wanakula nini kweli. Siyo wanatamani kula nini, wanakula nini. Watu kwenye dodoso wanajaza mboga za ajabu ajabu alafu zikija zinaozea jikoni, na mtu anayetupa mboga kila wiki ndo wa kwanza kujitoa msimu ujao, hata kama mkulima hana kosa. Mboga ngeni ije moja kwa wakati, na maelezo ya kuipika.

Hatua ya 5: Andikeni makubaliano

Ukurasa mmoja au miwili, lugha ya kawaida. AMAP za Ufaransa zimejengwa juu ya kitu hiki hiki, mkataba wa msimu kati ya mlaji na mkulima, kila mmoja anajua kaahidi nini. Kwenu kuwe na: tarehe ya kwanza na ya mwisho ya kugawa, kiasi na tarehe za malipo, siku, saa na mahali pa kuchukua, kapu lisilochukuliwa linakwenda wapi, mtu akisafiri nani anamchukulia, anayejitoa katikati anarudishiwa au atafute mtu wa kuingia nafasi yake (mimi nasema atafute mtu). Na sentensi moja iandikwe kwa herufi kubwa kwamba mavuno hayana dhamana, kinachovunwa kinagawanywa sawa.

Upande wa mkulima naye aandike ahadi zake: hatauza nje kabla wanachama hawajapata, hatanunua sokoni kujazia kapu bila kusema, ataonyesha hesabu. Mambo ya kodi, usajili na sheria ya vyakula yanatofautiana kila nchi, ulizeni kwenu kabla hela haijaanza kuzunguka.

Hatua ya 6: Siku ya kugawa

Mavuno ya majani yafanyike alfajiri kabla jua halijapanda, yawekwe kivulini na maji ya baridi mara moja, kwa sababu jani lililovunwa saa sita mchana limeshabeba joto la shamba na halitafika jioni likiwa zima. Karoti zikatwe majani, yale majani yakibaki yananyonya maji ya mzizi na kesho yake karoti inapinda kama mpira. Viazi vikae gizani visije vikawa vya kijani. Nyanya zisiingie friji kabisa kama zinakwenda kuliwa wiki hiyo.

Kupanga makapu tayari shambani au kuachia watu wajipimie? Kupanga makapu kunaonekana ni kwa kistaarabu lakini kunakula masaa ya mkulima. Kujipimia ni hivi: meza ndefu, kreti zimepangwa kwa mstari, vizito mwanzoni na majani laini mwishoni ili visipondwe, mzani katikati, na kwenye kila kreti kipande cha boksi kimeandikwa kwa peni nene, "VIAZI KILO 2", "KITUNGUU KILO NUSU", "SALADI 1 AU SPINACHI FUNGU 1". Mtu anakuja na mfuko wake, anapita, anapima, anatia tiki jina lake, anaondoka. Mwishoni kuna kreti tupu ya kubadilishana, kama nyumbani kwenu hamli figili unaiacha hapo unachukua kitu kilichoachwa na mwenzako. Hiyo kreti ndogo inaokoa urafiki mwingi. Zamu ya kusimamia izunguke kati ya wanachama, wawili wawili, na saa ya kufunga iheshimiwe. Anayekuja nusu saa baada ya kufunga kila wiki aambiwe na wanachama wenzake, siyo na mkulima.

Hatua ya 7: Habari za shamba na siku za kazi

Meseji moja kwa wiki inatosha, siku moja kabla ya kugawa: nini kinakuja, nini kimechelewa na kwa nini, picha moja. Grupu la wote liwe la matangazo tu, soga ziwe na grupu lake.

Siku za kazi shambani ni nzuri ila msijidanganye kwamba ni nguvu kazi. Watu wa ofisini ukiwapa kupalilia karoti changa watang'oa karoti na kuacha magugu, nusu ya tuta limeisha na wanajipongeza. Wapeni kuvuna viazi, kubeba matandazo, kufunga vitunguu. Lengo ni waone kazi ilivyo, na hakuna anayelalamikia kapu la majani baada ya kuinama masaa mawili.

Hatua ya 8: Shamba likipigwa

Itatokea, mvua ya mawe, ukame, viwavi, pampu kufa. Mkulima asikae kimya akitumaini itajirekebisha, aseme siku ile ile na picha. Kundi la wale watatu au wanne linakaa naye linaangalia: nini kimepona, nini kinaweza kupandwa tena haraka (figili na majani ndo yanaokoa), hela ya dharura itumike wapi, makapu yatapungua wiki ngapi. Alafu wanaowaambia wanachama ni hao walaji wenzao. Ujumbe wa "tumepoteza nyanya" ukitoka kwa mwanachama mwenzako unapokelewa tofauti na ukitoka kwa mtu uliyempa hela.

Na kinyume chake pia kipo, wiki ya neema. Matango yakimwagika msimlazimishe kila mtu abebe kilo sita, wekeni kreti ya "chukua ukitaka" na ziada mkulima auze nje, ila hesabu ya hayo mauzo iingie kwenye bajeti kama mlivyokubaliana.

Hatua ya 9: Kufunga msimu

Wiki mbili au tatu kabla ya kapu la mwisho, wote mkae na mkulima na daftari lake. Someni bajeti tena, ile iliyopangwa na iliyotumika, pengo liko wapi, masaa ya mkulima yalikuwa mangapi kweli ukilinganisha na yaliyoandikwa. Kama yamezidi, hisa inapanda au mazao yanapungua, hamna njia ya tatu. Kila mwanachama aandike mboga tatu aongezewe, mbili apunguziwe. Anayeondoka aulizwe kwa upole kwa nini, na jibu liandikwe hata kama linauma. Alafu mkulima anataja tarehe anayoagiza mbegu, na wanaobaki wanalipa kianzio kabla ya hiyo tarehe, asiyelipa mpaka siku hiyo hisa yake inakwenda kwa wa kwanza kwenye listi ya wanaosubiri.